Mzee Wapi na Mlango wa Toroli

Wafanyakazi wenzangu wa vituo vyote, hamjambo? Habari za kazi, habari za nyumbani, watoto wanaendeleaje? Wale wa kituo cha bondeni, tulisikia upepo uliondoka na paa la ofisi yenu. Poleni sana, tunamwomba Mungu muwe mmeshapata mabati. Sisi wa lango la mlimani hatujambo, ukiacha mafua ya baridi hii ambayo yamepita kila meza, na yalianzia kwangu. Tunashukuru.

Siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa kumi jioni, mwenzetu mmoja atavua koti la kijani la kazi na kulirudisha stoo, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Sisemi koti lilelile, maana ameshachakaza saba. Majina yake matatu yameandikwa vizuri kwenye barua ya kustaafu, lakini ukija hapa ukayataja tutaangaliana. Hapa anaitwa Mzee Wapi, na sababu ya jina hilo nitaieleza.

Mhariri wa jarida letu aliniomba nusu ukurasa. Aliniomba mimi kwa kuwa nimekaa jirani na mzee huyu miaka kumi na tisa, mimi dirishani nikikata tiketi na yeye mlangoni, wala si kwa ajili ya kalamu yangu. Shule yangu iliishia mapema, mnajua. Nusu ukurasa imenishinda. Mhariri akate anapoona panafaa, ila namsihi asikate habari ya mlango.

Alipoajiriwa hapakuwa na lango wala dirisha. Palikuwa na mlima, msitu wa umma, na njia moja ya kupanda kutoka mjini, inazunguka bega la mlima na kushukia kwenye makazi ya nyuma. Barabara ya magari nayo ipo, lakini inauzunguka mlima wote, ni mabasi mawili na nusu ya siku, na mvua ikikaza daraja linafunikwa. Mzee Wapi ni mtu wa huko nyuma. Aliajiriwa kufyeka njia ile, na kwa kuwa nyumba yake iko mwisho wa njia, alifyeka akija na kufyeka akirudi. Mkuu wa kituo wa wakati ule alikuwa akisema huyu ndiye mfanyakazi pekee anayefika kazini akiwa ameshafanya kazi. Saa moja na robo kuja, saa moja na robo kurudi. Kurudi kungepasa kuwa kufupi maana ni mteremko zaidi, lakini yeye husimama kumsalimia kila anayekutana naye, na si salamu za juu juu. Atakuuliza habari za goti lako, na kama hukumwambia una goti, atakuuliza umejuaje kulificha.

Wengi wakisikia habari zake hudhani alikuwa adui wa ada. Si kweli, na nataka hili lieleweke kabla sijafika mbali. Miaka kumi na mitano ya mwanzo aliwaona wageni wakipanda mlima kwa furaha na kushuka wakiwa wameacha chupa. Aliokota chupa, makopo, soksi, na siku moja meno ya bandia, ambayo aliyaosha na kuyaweka kwenye kikombe ofisini wiki mbili mpaka mwenyewe akaja kuyauliza huku amefunika mdomo kwa leso. Karibu na kilele miguu ya watu ilikuwa imeichimba njia hata ikawa korongo. Kisha daraja la miti likavunjika na bwana mmoja juu yake. Alivunjika nyonga. Hapakuwa na machela, wakang'oa mlango wa ofisi wakambebea, wanne, Mzee Wapi mbele upande wa kushoto. Bega lile linamsumbua hadi leo.

Kwenye kikao kilichofuata ndiye aliyesimama kwanza. Alisema, "Anayekuja hapa kujifurahisha achangie hicho kinachomfurahisha. Mimi sioni haya kumwambia hivyo." Ada ikapitishwa. Leo kuna ngazi za mawe, daraja la chuma, machela mbili na vyoo vyenye maji. Sijamsikia hata siku moja akisema ada ni dhuluma. Mgeni akilalamika, humpeleka kwa mkono mpaka darajani na kumwambia, "Rukaruka kidogo hapo. Umeona? Ndiyo tiketi yako hiyo."

Basi lango likajengwa, na mimi nikaajiriwa pamoja na dirisha. Hapa ndipo alipoingia fundi wa vibao. Agizo la makao makuu lilisema kila anayetembea msituni atalipa ada. Fundi, Mungu ambariki, aliona maneno hayo hayajitoshelezi. Akatusaidia kwa kuongeza mawili ya kwake. Jumatatu asubuhi, siku yangu ya kwanza ya kazi maishani, kibao kilisomeka hivi: KILA ANAYETEMBEA KWA MIGUU MSITUNI ATALIPA ADA.

Vijana watatu walikuja kwa baiskeli, wakasoma, wakapiga kengele na kupita. Mwenye punda akasema punda ndiye anayetembea, mkatieni yeye. Mara akatokea fundi cherehani, amepanda mgongoni kwa kinyozi jirani yake, mikono shingoni kama mtoto, akaniinamia dirishani: "Dada, mkatie huyu wa chini. Mimi nimebebwa." Na kinyozi, huku akihema, "Usimsikilize dada, tumekubaliana kurudi namkalia mimi!" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kitabu kizima cha tiketi na sikuwa nimekata hata moja, nikaona kazi niliyoiombea miaka mitatu inaniponyoka kabla ya saa nne. Nililia, nasema ukweli.

Katikati ya vicheko hivyo akashuka mkunga kutoka makazi ya nyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mfuko wake wa kazi begani, kanga yake imelowa umande hadi magotini. Lango letu liko upande wa mjini peke yake, kwa hiyo mtu wa nyuma hulikuta akitoka. Mzee Wapi alimwambia kwa adabu kwamba kuanzia leo kuna ada. Mkunga hakubishana. Alisema tu, "Mwanangu, mimi sitembei. Mimi napita." Akasimama kungoja afunguliwe.

Mzee alibaki na mkono kwenye komeo. Aliniambia baadaye ilikuwa kama mtu amewasha taa ndani ya chumba ambacho amekaa miaka yote. Kutembea na kupita. Aliyekuja kutembea, mlima ndio aliouendea. Anayepita, mlima umemkuta njiani. Na agizo, ukiondoa nyongeza za fundi wetu, lilimtaja anayetembea tu.

Pembeni mwa lango kubwa palikuwa na mlango mdogo wa chuma wa kupitishia toroli za mawe. Aliufungua. Mkunga akainama kidogo, akapita, akaenda kwa mzazi aliyemngoja na uchungu.

Fundi alirudi jioni na rangi, akayafunika maneno "kwa miguu". Ukija utaona pale kijani kimekolea kuliko kwingine. Neno "anayetembea" likabaki, na juu ya neno hilo mzee akajenga utaratibu ambao haukuandikwa popote ila kwenye daftari.

Ni daftari la shule, lina jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Alichora safu mbili. Ya kwanza Nani, ya pili Wapi. Jina hakuuliza kamwe, alisema jina la mtu ni lake na mahali anapokwenda panatosha. Kila aliyekaribia mlango wa toroli aliulizwa neno moja, "Wapi?" Mwenye mahali pa kwenda aliandikwa na kupita. Asiye na mahali alielekezwa dirishani kwangu. Ndipo jina lilipotoka. Watoto wa nyuma walianza kumwita hivyo, wakafuata wazazi, na siku moja hata barua ya ofisi ilikuja na bahasha imeandikwa Ndugu Wapi.

Sasa yako madaftari ishirini na sita, yamefungwa kwa kamba ya katani. Juzi nilimwomba nisome. Naandika machache tu kama nilivyoyakuta. "Mkunga: kwa mzazi." "Mkunga: anarudi, ni wa kike." "Mwalimu wa hesabu: shuleni." "Mjomba wa bibi harusi: harusini, amechelewa, asisimamishwe." "Wanafunzi kumi na mmoja: mtihani." "Fundi saa: kuuliza saa ngapi." Hiyo ya fundi saa nilimuuliza kama ni mzaha, akasema hapana, saa zake zote zilikuwa zimesimama. Na kuna moja ya mwaka wa tatu, mwandiko umeharakishwa: "Mwanamume: hakusema. Amefiwa, inaonekana."

Wajanja nao hawakukosekana. Bwana mmoja alikuja na viatu vya kupandia milima, fimbo mbili za kukunja, kofia, na chupa ya maji yenye mrija mpaka mdomoni. Akaja mlango wa toroli.

Mzee: wapi? Bwana: napita tu, naenda upande wa pili. Mzee: kwa nani? Bwana: kwa rafiki. Mzee: rafiki gani, mimi ni mtu wa huko, mtaje nikupe na salamu zake. Bwana akakuna kofia. Akasema basi, napita halafu narudi. Mzee akamwambia, "Sasa hiyo ya kurudi, bwana mkubwa, ndiyo kutembea kwenyewe. Dirisha lile pale." Bwana yule alicheka mpaka mrija ukamtoka mdomoni. Amekuja kila mwaka tangu hapo, analipa bila kuulizwa, na akifika husema kwa sauti, "Rafiki wa upande wa pili hajambo?"

Lakini aliyemshinda Mzee Wapi ni mkewe. Hii ameniruhusu kuisimulia, na hata asingeniruhusu mkewe aliniruhusu zamani. Mwaka wa pili wa lango, mama huyu aliamua kuja kumwona mumewe kazini, maana alikuwa hajawahi kufika. Akavaa vizuri, akapanda mlima na kushuka, chupa ya chai mkononi. Kulikuwa na foleni siku hiyo na mzee alikuwa ameinamia daftari. Hakuinua kichwa. "Wapi?" Mama akajibu kwa madaha kidogo, kama mtu anayetaka kushtukiza, "Nimekuja kutembea."

Mzee, bado kichwa chini, kidole kikaelekea dirishani. "Anayetembea analipa, mama. Dirisha lile pale."

Mama akaja kwangu. Sikuwa namjua. Akalipa, akapokea tiketi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi. Kisha akarudi mlangoni, akamwekea mumewe chupa ya chai juu ya daftari na kusema, "Chai yako hii. Mimi nimeshalipa, acha nikatembee." Akageuka akapanda mlima kurudi kwake. Mzee aliinuka akamkimbilia na koti lake, akiita, "Mama watoto! Mama watoto, ulisema kutembea!" na mama bila kugeuka, "Na nilikuja kutembea kwa nani, kwa mti?" Tiketi ile bado anayo. Imo ndani ya kitabu chake cha sala, na kila mzee akichelewa kurudi nyumbani huitoa na kuilaza juu ya meza.

Nikiwa naandika kwa furaha hivi, msidhani mlango ule ulimpa raha tu. Ulimgharimu. Na hapa pana jambo langu mwenyewe ambalo nimelibeba miaka kumi na minne, na nimemwomba Mungu anipe moyo wa kulitoa kabla mzee hajarudisha koti.

Mwaka wa tano alikuja mkaguzi kutoka makao makuu. Alihesabu tiketi, akaangalia watu, akaona haviendani. Alinikuta peke yangu dirishani akaniuliza wale wanaopita pembeni ni akina nani. Nilikuwa na watoto watatu na mume mgonjwa. Niliogopa. Nilimwambia kuna daftari, nikamwambia hata droo linamokaa. Mzee hakuwa amenikosea kitu. Kila asubuhi mimi huomba kabla ya kufungua dirisha, na yeye hungoja nimalize ndipo agonge. Mtu wa namna hiyo nilimtaja kwa pumzi moja.

Mkaguzi alilifungua daftari mbele yetu sote. Akasema sheria haina mlango wa pembeni. Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Mheshimiwa, kibao hiki hapa. Kimeandika anayetembea. Nionyeshe hapo ndani ya daftari yupi anatembea, nitamlipia mimi." Mkaguzi akakaa kwenye kiti changu akasoma. Alisoma muda mrefu, akigeuza kurasa kwa kidole kilicholowa. Tuliona amefika mahali akaacha kugeuza. Sijui palikuwa pameandikwa nini. Mwishowe akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya ukurasa maneno mawili na kupiga mhuri: "Daftari limeonekana."

Hakusema limekubaliwa. Hakusema limekataliwa. Limeonekana. Kwa neno hilo tumeishi miaka kumi na minne, na kila mkaguzi aliyefuata alifunuliwa ukurasa ule, akautazama mhuri, akakohoa, akaendelea na vyoo.

Ila barua ya onyo ilikuja hata hivyo, kwenye faili la mzee. Nafasi ya msimamizi wa lango, aliyokuwa ameahidiwa, ikaenda kwa mwingine. Baada ya miaka sita ikatangazwa tena, ikaenda kwa mwingine tena, kijana ambaye mzee ndiye aliyemfundisha kufunga komeo. Na ndani ya barua ile ya onyo palitajwa droo. Droo ya chini, upande wa kushoto. Wawili tu tulioijua. Mzee aliisoma barua, akaikunja, akaifanya jalada la daftari jipya, maana karatasi yake ilikuwa nzuri na ngumu. Hakuniuliza kitu. Wiki iliyofuata alinishushia kutoka kwake kiti chenye mgongo, amekibeba kichwani mlima mzima, akasema amenisikia nikilalamika kiuno. Ndicho ninachokalia nikiandika haya. Mzee wangu, naomba radhi. Nimechelewa mno, lakini nimesema mbele ya vituo vyote.

Basi nifike mwisho, na mwisho wenyewe ni mlango.

Wote mmepata waraka. Miezi miwili ijayo lango letu, na ya kwenu baadaye, yatawekwa mashine. Unaingiza kadi, unasukuma chuma kwa kiuno, kinazunguka, umeingia. Sina ubaya na mashine, kidole changu cha tiketi kimeota sugu. Lakini aya ya mwisho ya waraka inasema milango yote ya pembeni itachomelewa, na hakuna atakayepita bila kadi. Mkuu wetu wa sasa ni kijana mwungwana na tulizungumza vizuri. Alisema, mama, tukimwachia mmoja, kesho mji mzima utakuwa na shangazi huko nyuma. Sikumkatalia. Ni kweli tumedanganywa. Yumo ndani ya madaftari mtu aliyefiwa na mama yake mara mbili kwa mwezi mmoja, na mzee aliandika zote mbili. Nilipomcheka alisema, "Afadhali huyu anicheke, kuliko siku moja nimpeleke dirishani aliyefiwa kweli."

Sasa mkunga wetu amezeeka, anatembelea fimbo, na bintiye ndiye anayebeba mfuko. Juma lililopita walipita wote wawili. Bibi aliuliza kama ni kweli mlango utachomelewa. Mzee akasema bado hawajaamua. Bibi akaupapasa ule mlango wa chuma kama mtu anayempapasa ng'ombe, akamwambia bintiye, "Basi utawaambia wenye uchungu wangoje ukatafute kadi." Hakusema kwa hasira. Akainama akapita, siku hizi hahitaji kuinama sana. Mzee akaandika: "Mkunga na mkunga: kwa mzazi."

Maoni ya wafanyakazi yanapokelewa mpaka tarehe kumi na tano mwezi ujao. Mzee Wapi hana maoni tena, tarehe hiyo atakuwa si mfanyakazi. Atakuwa mtu wa makazi ya nyuma, kama wengine, na mlima mbele yake. Hilo ndilo lililonifanya nimuulize juzi, tukifunga, kwamba kuanzia Jumamosi tumwandike wapi, daftarini au dirishani.

Alifikiri. Alifunga komeo, akalijaribu mara mbili kama kawaida yake. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Miaka thelathini na minne amevuka mlima huu kila siku ya kazi, lakini pale juu kabisa, kwenye benchi ambalo wageni huketi kutazama mji, hajawahi kukaa. Amelipaka rangi mara tisa. Kukaa hajakaa. Daima alikuwa anakwenda kazini au anarudi kwake. "Mimi hapa nimepita tu," akasema. "Jumamosi nakuja kutembea. Nakuja na mama watoto, niwekee tiketi mbili." Nikamwambia mzee wangu, za kwako tutachanga sisi. Akakataa katakata, akasema ngazi zile zina nyufa mbili, nani atazilipia.

Nikadhani ndio mwisho wa maneno. Ameshafika chini ya ngazi, akageuka: "Ila Jumatatu nina miadi ya jino mjini. Jumatatu napita."

Basi, wenzangu, hilo ndilo jambo lenyewe. Jumamosi analipa na kufurahi kama mgeni yeyote, na daraja litatengenezwa kwa tiketi yake. Jumatatu anakwenda kung'olewa jino. Mashine haiwezi kuzijua siku hizo mbili. Mtu mmoja aliyeketi mlangoni na daftari anaweza, akiuliza neno moja.

Mzee Wapi, tunakushukuru kwa njia uliyofyeka, kwa machela ya mlango, kwa kiti chenye mgongo, na kwa kutungojea tumalize sala. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupunguzie bega, akupe wewe na mama siku nyingi za kutembea, na zile za kupita zisiwe za huzuni. Jumamosi benchi litakuwa limefutwa. Tiketi zenu mbili nimeshazitenga.

Nanyi wenzangu wa vituo vingine, najua kila lango lina mkunga wake na mwalimu wake wa hesabu. Niandikieni, hata mistari miwili, mseme kwenu wanaopita ni akina nani na wanakwenda wapi. Nitayafunga majibu yenu pamoja na madaftari ishirini na sita na kuyapeleka makao makuu kwa mkono wangu. Tarehe kumi na tano haiko mbali. Tafadhali nijibuni mapema.

Mwenzenu, mkata tiketi wa lango la mlimani.